Daftari Mbele ya Tingatinga

Mwishoni mwa Mei 1990, askari wa Tume ya Jiji la Nairobi waliingia Muoroto, kijiji cha vibanda kilichobanana karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, wakaanza kubomoa. Wakazi na wachuuzi waliwakabili kwa mawe. Novemba mwaka huo huo matingatinga yakafika Kibagare, upande wa Kangemi. Bomoabomoa hizo mbili ziliwaacha watu wapatao 30,000 bila paa. Viongozi wa makanisa walilaani, magazeti yakaandika, na wenye mamlaka wakaitetea hatua yao. Kwa sheria ya ardhi ya wakati ule, waliofukuzwa walikuwa wavamizi, na mvamizi hana fidia ya kudai.

Baada ya hapo wakazi wa vijiji vya Nairobi walianza kujitetea kwa vitu viwili vinavyoonekana vidogo mno kwa kazi hiyo: daftari la akiba na orodha ya majina. Habari za makazi ya bei nafuu nchini Kenya husimuliwa kwa mawe ya msingi na marais wanaoyaweka. Waliozuia nyumba zisibomolewe hawatajwi, na wengi wao ni akina mama wauza mboga, mafundi viatu na vibarua wa viwandani. Hao ndio wenye historia hii.

Kufukuzwa ni desturi kongwe mjini Nairobi. Reli ilifika hapo Mei 1899, na mji ukakua kandokando ya karakana zake. Serikali ya kikoloni ilimhitaji Mwafrika kama kibarua, haikumtaka kama mkazi: afanye kazi, apokee mshahara, kisha arudi mashambani. Kipande, cheti cha utambulisho alichovishwa shingoni, kilikuwa ushahidi wa mpango huo. Waliojijengea katika vijiji kama Pangani, Maskini na Kaburini waliishi kwa kuvumiliwa tu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, baraza la mji lilitenga eneo la Pumwani na kuwasukumia huko. Pangani ilidumu kuliko vijiji vingine, lakini nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakapelekwa Shauri Moyo.

Pumwani inastahili kutazamwa kwa makini. Baraza lilitoa viwanja, watu wakajenga kwa mikono na fedha zao nyumba za udongo za mtindo wa Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote, kisha wakapangisha vyumba hivyo. Si wachache kati ya wenye nyumba walikuwa wanawake, waliopata humo uhuru ambao hawangeupata kwingine. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo yaliyokuwa makazi ya bei nafuu ya kwanza jijini, na hayakujengwa na mradi wowote wa serikali. Lakini humo humo ndimo ulimoanza mgawanyiko utakaorudi tena na tena: kuna anayemiliki kuta, na kuna anayelipa kodi ya chumba ndani ya kuta hizo. Bomoabomoa ikija, wote wawili hupoteza, ila hawapotezi sawa.

Wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, mambo yalizidi kuwa magumu. Aprili 1954 wanajeshi walilizingira jiji katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa vizuizini, na vibanda vya bonde la Mathare vikasawazishwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu walirudi na wengine wengi wakaja kutafuta kazi. Mathare ikajengwa upya kwa mbao, makaratasi na mabati. Baraza la jiji, sasa likiwa mikononi mwa Waafrika, liliendelea kutuma wabomoaji kama lilivyofanya lile la kikoloni.

Jaribio moja la miaka hiyo lilikuwa na wazo zuri. Kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilipimwa Dandora na kuwekewa maji, mifereji ya majitaka na choo, mwenye kiwanja akaachiwa ajenge kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Wengi walifaidika. Lakini maskini aliyepata kiwanja mahali ambapo viwanja ni adimu hufuatwa na mwenye fedha mlangoni, naye ana ada za shule za kulipa na wagonjwa wa kutibu. Vingi viliuzwa, ghorofa zikapanda, na mpangaji akajikuta tena katika chumba kimoja. Dandora ilifundisha kwamba hati ya mtu mmoja mmoja, bila jamii inayomshika mkono, haimlindi maskini kwa muda mrefu.

Kisha ukaja wakati wa unyakuzi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ardhi ya umma iligeuzwa kuwa zawadi ya kisiasa. Barua za kugawiwa viwanja zilitolewa kwa wenye nguvu, na mara nyingi viwanja hivyo vilikuwa na watu juu yake tayari. Kijijini, ruhusa ya kujenga kibanda ilitoka kwa chifu, kwa mdomo na kwa malipo, bila karatasi yoyote ya kuonyesha kesho yake. Utafiti uliofanywa 1993 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wa Nairobi walibanwa kwenye takriban asilimia 5 ya ardhi ya makazi. Miaka kumi baadaye, uchunguzi mwingine ulikuta kwamba zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 katika mitaa ya mabanda ni wapangaji. Kwa hiyo kuna biashara kubwa ya kodi katika ardhi ambayo anayetoza kodi hana hati yake, na anayelipa hana hata risiti.

Upinzani ulianza kwa sauti nyingi. Wangari Maathai alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1989, kwamba mnara uliokusudiwa kujengwa bustani ya Uhuru unaweza kuzuiwa. Taasisi ya Mazingira iliendesha Operesheni Firimbi, ikawahimiza wananchi wapige kelele kila wanapoona ardhi ya umma ikinyakuliwa. Mawakili wa Kituo cha Sheria walikwenda mahakamani kijiji baada ya kijiji, wakipata zuio hapa na kushindwa pale. Huko Korogocho, padri Alex Zanotelli aliishi kijijini na kuwasimamia wakazi. Mwaka 1996 viongozi wa vijiji mbalimbali walikutana na kuunda Muungano wa Wanavijiji.

Muungano wa siku za mwanzo ulikuwa jeshi la dharura. Habari ikifika kwamba kijiji fulani kitabomolewa, watu wa vijiji vingine walikwenda kusimama nao, wakaandamana, wakakaa mbele ya matingatinga, na usiku wakasaidia kujenga upya kilichoangushwa mchana. Ujasiri huo uliokoa nyumba nyingi. Hata hivyo ulikuwa na kasoro iliyoonekana mapema: watu walikusanyika tishio lilipokuwepo, na lilipopita wakatawanyika. Na hata mahali ambapo kesi ilishinda, kilichopatikana ni ruhusa ya kuendelea kuishi katika kibanda kile kile, kando ya mfereji ule ule.

Mabadiliko yalipitia Mumbai. Mwaka 1976 Jockin Arputham aliona mtaa wake, Janata Colony, ukibomolewa baada ya miaka ya mapambano. Akazunguka India akiwaunganisha wakazi wa mitaa kama huo. Mwaka 1985, baada ya Mahakama ya Juu ya India kutoa hukumu iliyofungua njia ya kuwaondoa wanaolala kandokando ya barabara za Mumbai, shirika la SPARC na wanawake wa barabarani wenyewe waliamua kuwahesabu wenzao. Zaidi ya familia 6,000 ziliandikwa: zilitoka wapi, zinafanya kazi gani, zina watoto wangapi. Ikadhihirika kwamba wale walioitwa wazururaji walikuwa wafanyakazi waliolisha na kusafisha jiji. Wanawake hao waliunda chama cha Mahila Milan na kuanza kuweka akiba. Jockin alipewa tuzo ya Magsaysay mwaka 2000, na kupitia mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda alikuwa tayari akizuru Afrika. Hakuja na fedha. Alichowashauri wanavijiji wa Nairobi ni kwamba wajipange kwanza, na serikali itawasikia wakija na takwimu ambazo yenyewe haina.

Jane Weru, wakili aliyewahi kuongoza Kituo cha Sheria, alianzisha Pamoja Trust mwaka 2000 ili kuusaidia Muungano kuchukua njia hiyo. Si wote waliofurahi. Mtu aliyezoea kudai haki yake barabarani aliambiwa sasa aweke shilingi chache kila siku, na swali lilikuwa la haki kabisa: kwa nini maskini ajinunulie kile ambacho tajiri amekinyakua bure? Naliheshimu swali hilo hadi leo. Jibu lilitoka kwenye utendaji wenyewe. Mwekahazina wa kikundi hupita mlango kwa mlango na daftari. Anapokea shilingi kumi, ishirini, au hapokei kitu, lakini lazima abishe hodi. Akibisha hodi kila siku hujua nani ni mgonjwa, nani ameachwa, nani amefungiwa nje kwa kodi ya miezi miwili. Anayeelekea kufukuzwa chumbani hugunduliwa kabla hajatupwa nje, na kikundi humkopesha. Huko ndiko kuzuia ukosefu wa makazi kwa maana yake ya msingi kabisa, na hufanyika kabla mtu wa ofisini hajasikia jina la mwenye shida. Fedha ni sehemu tu, lakini sehemu yenye kuzaa. Katika soko la Toi, jirani na Kibera, wafanyabiashara walionyesha kwamba akiba ya kila siku inaweza kugeuka mikopo ya biashara inayorudishwa.

Baada ya daftari ikafuata hesabu. Wakazi hufunzwa, hugawana kijiji, huandika namba kwenye kila mlango kwa chaki au rangi, huchora ramani, na kwa kila chumba huandika anayeishi humo na anayekimiliki. Kisha orodha hubandikwa hadharani ili kila mtu ajitafute, apinge kilichoandikwa vibaya, na majirani wathibitishe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Karani wa serikali anaweza kutajiwa majina ya binamu wasioishi hapo, lakini jirani hadanganywi kirahisi.

Ugumu wa kupatanisha wapangaji na wenye nyumba ulionekana mwishoni mwa 2001 huko Kibera. Rais Moi aliposema hadharani kwamba kodi ni za juu na zipunguzwe, wapangaji waligoma kulipa, wenye nyumba wakajibu, na mapigano yakaua watu na kuwafukuza wengine makwao. Neno lililonuia kuwasaidia wapangaji lilitupwa katikati ya watu wasio na meza ya kuzungumzia.

Wakati ule ule, Huruma, upande wa pili wa jiji, meza hiyo ilikuwa ikiundwa. Kambi Moto ni kijiji kidogo kwenye ardhi ya Baraza la Jiji, chenye historia ya mioto iliyokipa jina lake. Kilihesabiwa mwaka 2001 pamoja na jirani zake, Mahira, Redeemed, Ghetto na Gitathuru. Hesabu iliweka wazi lile ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: baadhi ya watu walikuwa na vyumba vingi na wengine wengi walikuwa wakilipa kodi. Kama ardhi ingegawiwa wenye vibanda, wapangaji wangefukuzwa na majirani zao badala ya serikali. Kama ingegawiwa wapangaji, wenye vibanda wangepoteza kitega uchumi chao pekee, maana wengi wao hawakuwa matajiri. Alikuwamo mama mjane aliyeishi kwa kodi ya vyumba viwili.

Mazungumzo yalichukua muda mrefu, na hapa ndipo ninapoona kiini cha historia hii nzima. Walikubaliana kwamba kila familia, iwe ya mwenye kibanda au ya mpangaji, ipate nyumba moja. Mwenye vyumba vingi akubali kubaki na nyumba moja, lakini imara na ya halali, badala ya vibanda vitano vinavyoweza kuungua au kubomolewa usiku wowote. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walikubali kwa sababu walikuwa wamekaa miezi mingi katika kikundi kimoja cha akiba, daftari moja, na wamezoea kuaminiana kwa fedha ndogo kabla ya kuulizana kuhusu kitu kikubwa.

Kisha wakaligeukia Baraza la Jiji. Kanuni za ujenzi zilitaka kiwanja kikubwa kiasi kwamba kwa kipimo hicho wengi wao wangehamishwa. Wanavijiji walichora nyumba yao wenyewe, na kama walivyofanya wenzao wa India, wakaisimamisha kwa nguzo na vitambaa kwa ukubwa wake halisi, ili watu waingie, wapime kwa mikono na kusema jikoni ni finyu au ngazi ipo mahali pabaya. Mwafaka na Baraza ulitiwa saini mwaka 2003, na kanuni zikalegezwa. Kila nyumba ilikalia takriban mita 20 za mraba za ardhi, ikapanda juu kwa ghorofa, nayo ilijengwa kwa awamu: chumba cha chini kwanza, kingine mwenye nyumba akipata nguvu. Sakafu za juu ziliwekwa kwa vigae vya saruji vilivyofinyangwa hapo hapo kijijini, kazi ambayo wanawake wengi waliifanya kwa mikono yao. Familia ilitanguliza akiba, na mkopo ukatoka Akiba Mashinani Trust, mfuko ulioanzishwa mwaka huo huo wa 2003. Nyumba 34 za kwanza zilisimama, zikafuatwa na nyingine. Ahadi ya hatimiliki ya pamoja ilikwenda polepole kuliko kuta, na hilo lilikuwa kosa la serikali.

Nyumba 34 ni chache kwa jiji lenye mamilioni. Lakini Kambi Moto ikawa mahali pa kupelekea wageni. Afisa wa jiji aliyesema haiwezekani aliingizwa ndani ya nyumba na kupewa chai na mama aliyekuwa mpangaji.

Faida ya hilo ilionekana upesi. Mapema 2004 serikali ilitangaza kwamba itaondoa makazi kandokando ya reli, chini ya nyaya za umeme na kwenye njia za barabara za mchepuo. Watu zaidi ya 300,000 walikuwa hatarini. Februari mwaka huo Kijiji cha Raila huko Kibera kilibomolewa kupisha barabara. Kelele za ndani na nje ya nchi ziliisimamisha serikali kwa muda, lakini reli ilibaki swali gumu: vibanda na meza za biashara viligusa mataruma, na garimoshi lilipita katikati ya watu. Muungano na Pamoja Trust waliwashawishi maafisa wa Shirika la Reli waende nao Mumbai, wakaone jinsi maelfu ya familia zilivyohamishwa kutoka relini bila virungu. Waliporudi, wakazi wa ukanda wa reli wa Kibera na Mukuru walihesabiwa, na mpango wa kuwahamisha ukatengenezwa kwa kushirikiana na Benki ya Dunia. Ulikawia kwa miaka mingi kupita kiasi. Lakini mwishowe ukuta ulijengwa kando ya reli, nyumba za matofali na vibanda vya biashara vikasimama humo humo vijijini, na familia zilizokuwa kwenye orodha zikapata funguo. Hazikupelekwa maili thelathini nje ya mji, mbali na kazi na shule.

Njia hii haikubaki Kenya. Mwaka 2008 wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, waliondolewa kupisha upanuzi wa bandari. Wenye nyumba walipewa fidia, wapangaji hawakupewa kitu. Shirikisho la wakazi maskini wa mijini la Tanzania, likisaidiwa na shirika la CCI, lilinunua kwa akiba za wanachama ekari 30 huko Chamazi kwa shilingi milioni 24 za Tanzania, likaanza kufyatua matofali na kujenga. Chamazi ni mbali na bandari, na wengi walilipa gharama hiyo kwa nauli na kwa vibarua walivyovipoteza. Lakini lilikuwa jibu la wapangaji, na nasisitiza hilo, kwa sababu ni nadra sana mpango wa fidia kumtambua mpangaji.

Mwaka 2010 Katiba mpya ya Kenya iliandika katika Kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Wakazi wa Mitumba, kijiji kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliishika ahadi hiyo mapema. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya kusimamisha bomoabomoa, na Novemba 2011 wakabomolewa hata hivyo. Mahakama Kuu iliwapa haki 2013, Mahakama ya Rufaa ikaipindua 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikawasikiliza. Iliamua kwamba watu wasio na ardhi, wakishajenga makao yao kwenye ardhi ya umma, wanakuwa na haki ya makazi inayolindwa na sheria hata bila hatimiliki. Ilichukua miaka kumi, na kijiji hakikurudi. Lakini neno mvamizi, lililotosha kumnyamazisha mtu wa Muoroto, halitoshi tena mbele ya jaji.

Mukuru ndiko njia ya daftari ilikopimwa kwa ukubwa wake. Vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani viko kwenye ardhi iliyogawiwa watu na makampuni kwa ajili ya viwanda, ambayo sehemu kubwa yake haikuwahi kujengwa viwanda. Wanavijiji, vyuo vikuu na wanasheria walitafiti nani anamiliki nini, na watu wanalipa nini. Waligundua kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wenye mabomba, na maji yenyewe ni mabaya zaidi. Wanawake walikusanya saini wakidai vyoo, maana kwenda chooni usiku kulikuwa kuhatarisha mwili. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Familia 100,561 zilihusika. Mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi: maji, afya, sheria, barabara, fedha.

Swali lilikuwa namna ya kuwasikiliza watu wa familia laki moja. Mkutano wa hadhara humpa nafasi mwenye sauti kubwa, na mwanasiasa akifika huumeza. Muungano ulitumia mbinu ya Tujuane Tujengane: nyumba kumi ni kundi moja, linachagua mwakilishi, wawakilishi wanaunda kundi kubwa zaidi, hadi sehemu 13 za Mukuru yote. Barabara ilipokuwa ikichorwa, swali lilishuka hadi kwenye nyumba kumi zitakazoguswa, na jibu likapanda. Wakazi walikubali nyumba kadhaa ziondoke, wahandisi wakakubali barabara nyembamba kuliko zile za vitabuni, ili zisikatwe nyumba nyingi. Mwaka 2020, wakati jiji lilipokuwa chini ya NMS, mamlaka iliyoundwa na serikali kuu, lami ilianza kuwekwa Mukuru, na mabomba ya maji na ya majitaka yakafuata.

Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba na Novemba 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao, ndani ya eneo lile lile lililotangazwa na kupangwa kwa kufuata sheria. Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba za kando ya mito zilibomolewa Mathare na Mukuru, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Nyumba zilizo ndani ya mkondo wa mto ni hatari, na hakuna anayepinga hilo. Lakini Sheria ya Ardhi inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa, na shilingi elfu kumi hazilipi kodi ya chumba kwa miezi mingi. Orodha haina nguvu mbele ya ofisi inayokataa kuisoma.

Leo Kenya inajenga kwa kasi. Tangu Machi 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Majengo marefu yanaonekana hata Mukuru. Siyapingi. Ninachokitilia shaka ni orodha ya watakaoingia. Mfumo unaomtaka mtu ajisajili mtandaoni, atangulize amana, kisha alipe kila mwezi bila kukosa, unampendelea mwenye mshahara. Mama mfua nguo anayelipwa kwa siku anaweza kulipa, na vitabu vya Akiba Mashinani vinaonyesha watu kama yeye wakilipa, lakini hulipa kwa mwendo wa kipato chake, akiwa na kikundi kinachomdhamini. Serikali ivipe vikundi hivyo nafasi ya kisheria katika kugawa nyumba, na ikubali daftari la akiba kuwa ushahidi wa uwezo wa kulipa. Na bomoabomoa yoyote isifanyike mahali ambapo wapangaji hawajaandikwa mmoja mmoja.

Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaziruhusu kaunti zote, si Nairobi peke yake, kutangaza maeneo maalumu ya mipango. Mombasa, Kisumu na Nakuru zina vijiji vinavyostahili. Msomaji uliye mpangaji katika kijiji kama hivyo, usingoje tangazo la gavana. Tafuta majirani kumi, fungueni daftari, andikeni kila mlango na kila jina, la mwenye nyumba na la mpangaji, mbandike orodha mahali kila mtu ataiona, kisha mpeleke nakala kaunti na kwa wakili kabla hamjasikia mngurumo wa tingatinga. Na wewe mhandisi, mpima ardhi au mwanafunzi wa sheria, kuna kijiji karibu nawe ambacho hakijachorwa ramani. Nenda ukajitolee.